Nani Atakaa Nyumbani Nyangumi Akija

Hospitali ya kifua, kusini
14 Oktoba 1955

Kwako mdogo wangu Ukpik,

Pokea salamu kutoka kwenye kitanda changu cha chuma. Nyingine mpe Masu wangu, nyingine mume wangu Tulugak, na nyingine mama mkwe. Yeye anapenda kutajwa wa kwanza, kwa hiyo ukimsomea anzia kwake.

Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu anayekohoa damu. Tuko wanawake wanane chumba kimoja, na wenzangu watatu ni wa pwani yetu ya kaskazini. Kazi yetu hapa ni kulala. Asubuhi tunalala, mchana tunalala, na daktari akipita anatusifu kwa kulala vizuri. Mimi katika maisha yangu sijawahi kusifiwa kwa kulala.

Ahsante kwa kuhamia kwangu kumlea mtoto. Masu ana miaka sita na anajifanya hajui kuvaa viatu. Anajua. Asinywe chai usiku. Tulugak akinyamaza siku mbili usidhani amekasirika, ndivyo alivyo, mpe chakula tu. Sindano zangu ziko kwenye kifuko cha ngozi ya sili. Tumia zile mbili fupi, ile ndefu ya pembe iache. Na ile kata ya mbao ya kumnyweshea nyangumi maji, iliyo juu ya rafu ikiwa imefunikwa kitambaa, hata vumbi usiifute. Nitakuja kuifuta mwenyewe. Daktari amesema miezi mitano, kwa hiyo mwezi wa tatu niko nyumbani, kabla barafu haijafunguka.

Pale uwanja wa ndege Tulugak hakuniambia neno. Alinivuta kofia ikashuka masikioni, basi. Nimeiweka chini ya mto.

Dada yako,
Nasuga

Tikigaq
9 Desemba 1955

Kwako dada yangu Nasuga,

Sote tunakusalimu, mama mkwe wako akiwa wa kwanza. Kila siku tunamwomba Mungu akupe pumzi.

Usishangae majibu kuchelewa. Ndege ilikwama kwa upepo wiki mbili, halafu mama mkwe hataki karatasi za hospitali ziingie ndani zikiwa mbichi. Anazitundika nje kwenye kiunzi cha kukaushia nyama siku tatu, ili ugonjwa ugande ufe, ndipo zisomwe. Ya kwanza mbwa alitafuna kona yake. Palipobaki panasema "Asinywe", na Masu anashikilia kwamba uliandika maziwa.

Mtoto ni mzima, ameng'oka jino. Tulugak ameua sili wawili wiki hii. Tumeweka nyama ya kutosha, na jioni tunacheza karata, mama mkwe akituibia waziwazi. Viatu vya Tulugak vilikuwa vinaingiza maji nikamshonea vingine. Alivivaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akasema, "Vinanikaa." Ukimjua Tulugak, hiyo ni hotuba.

Pona urudi.

Ukpik

Hospitali ya kifua
11 Januari 1956

Kwako Ukpik,

Salamu kwa wote wa nyumbani. Nafurahi kusikia mtoto ameng'oka jino, ingawa ningependa kuwa mimi niliyelishika.

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Tumeweka, tunacheza, tunamwomba, tunakusalimu. Hiyo "tu" ni ya kina nani? Mimi niliacha nyumba ya Tulugak na Nasuga. Sikuacha nyumba ya "tu".

Na hivyo viatu. Nilimwachia jozi mbili kavu. Mguu wake wa kushoto unazidi wa kulia kidogo, na hilo mtu halijui mpaka aupime kwa mkono. Nani alikupa kipimo? Nimemshonea yule mwanamume miaka kumi na moja na hajawahi kuniambia vinamkaa. Anavaa, anatoka.

Usiseme mgonjwa ana maneno. Ndiyo, nina maneno, sina kingine cha kufanya.

Jana daktari alikaa kitandani kwangu akaniuliza habari za nyangumi. Alisema babu zake huko kwao walikuwa watu wa meli za kutafuta mafuta ya nyangumi, waliozunguka dunia nzima wakiwafuata nyangumi mpaka kwetu. Nikamwambia nawajua. Bibi alikuwa akitusimulia, unakumbuka, jinsi walivyokuwa wakikata ile mifupa ya mdomo ya kukazia nguo za wanawake wao, na mzoga wote wakauacha uelee, na watu ufukweni wana njaa. Daktari akacheka kwa aibu. Akasema, "Angalau walituachia taa." Nikamwambia, "Nasi walituachia sufuria za chuma zenye kutu, bunduki moja ya shaba, na nyangumi wachache." Kisha akaniambia alichokuja kuniambia. Mwezi ujao watanitoa mbavu upande wa kulia ili pafu lilale. Sitatoka mwezi wa tatu, labda mwishoni mwa mwaka.

Kwa hiyo nisikilize. Boti ikitoka, mama mkwe ndiye akae ndani ametulia badala yangu, ili nyangumi naye atulie aje. Si wewe. Umenisikia? Si wewe.

Nasuga

Tikigaq
12 Machi 1956

Dada Nasuga,

Tunakuombea kwa ajili ya hizo mbavu. Nimeandika "tunakuombea" kwa sababu kanisa zima linaomba, usianze.

Mguu wa mumeo niliupima kwa kiatu chake cha zamani, ulichoshona wewe. Nilikifumua, nikakilaza juu ya ngozi, nikakata.

Ngozi za sili za kufunikia boti tumezishona wiki iliyopita, sita, wanawake saba, mshono mara mbili, na hazivuji. Niliwapikia siku zote tatu kwa sababu hakuna mwingine wa kuwapikia. Sindano yako ndefu sikuigusa.

Sasa suala la kukaa. Nimemwambia mama mkwe ulivyoagiza. Amejibu hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Nikae mimi kimya kutwa? Mimi tangu nizaliwe sijanyamaza hata kwenye mazishi ya mume wangu. Huyo nyangumi atalisikia domo langu angali upande wa Warusi, ageuze." Na kweli, dada, unamjua. Kukaa si kazi ya kila mtu. Usishone, usichane nywele, usigombane, usiinue sauti, kutwa kucha uwe umetulia kama unavyotaka nyangumi atulie. Mama mkwe hawezi hata chai ichemke bila kuisema.

Wanamaji wameanza kunong'ona. Wawili wamehamia boti nyingine. Mmoja wao alimwambia Tulugak usoni, "Kaka, nyangumi anamwendea mwanamke kwanza, ndipo aje kwenye boti. Kwako anamwendea nani?" Wamebaki watano, na akihama mmoja zaidi boti haitoki. Miaka miwili hatujapata kitu, na mwingine wa tatu utatumaliza. Atakuwa nahodha wa kukaa ufukweni akitazama boti za wenzake.

Yeye hajaniomba. Ninakuomba mimi. Niruhusu nikae. Nitakaa kama kivuli chako, sitabadilisha kitu. Barafu itafunguka katikati ya mwezi wa nne, kwa hiyo nijibu upesi.

Ukpik

Hospitali ya kifua
2 Aprili 1956

Ukpik,

Salamu kwa Masu.

Wameshanikata. Mkono wa kulia haupandi zaidi ya bega, na mtu mwingine ananiandikia, mama mmoja wa kitanda cha jirani aliyesoma shule ya misheni. Kwa hiyo ujue kwamba haya nayasema mbele ya shahidi.

Hapana.

Nafasi yangu ikae tupu. Taa izimwe, mlango ufungwe, wewe urudi kwa kaka yetu pamoja na Masu. Kama wanamaji watamkimbia, wamkimbie. Mwakani watarudi.

Unataka nikuambie kwa nini? Miaka kumi na moja nimekaa. Nimekaa nikiwa mjamzito, nimekaa mtoto wa kwanza alipokufa na machozi sikuyatoa mpaka boti ikarudi. Katika miaka hiyo wamekuja watatu, na wawili walikuwa wadogo. Kila mara boti ikirudi tupu, wanawake wa kijiji wananiangalia mimi, hawamwangalii Tulugak. Sasa wewe ukae mara moja, akujie mkubwa, watasema nini? Watasema kumbe kilichokuwa kibaya katika nyumba ile ni yule mwanamke. Watasema afadhali aliugua. Na Tulugak hatasema, lakini atafikiri.

Ndiyo, ni wivu. Mama huyu anayeniandikia amenyanyua kalamu akaniuliza kama aandike hivyo hivyo. Nimemwambia andika. Nina wivu wa moto wa taa zangu, na wewe ukikaa mbele yake. Nina wivu wa jino la mwanangu. Kama sitakuwa ninayekaa, nitarudi kuwa nani?

Usikae.

Nasuga

Tikigaq
6 Mei 1956

Dada Nasuga,

Salamu. Masu mzima, mama mkwe mzima, Tulugak mzima. Uandike mkono unaendeleaje.

Nyangumi amekuja. Tarehe ishirini na tatu Aprili, mchana. Wanaume walipomaliza kumpima walisema urefu wake ni hatua kumi na nane za mtu mzima, na tangu babu yetu apige kwa ile bunduki ya shaba hakuna boti ya ukoo huu iliyowahi kuleta mkubwa hivyo. Kijiji kizima kilivuta kamba kumpandisha juu ya barafu. Wale wawili waliohama walikuja kuvuta wakiwa wameinamisha vichwa, Tulugak akawapa kamba bila kuwasema.

Nilikaa mimi.

Sasa nitakuambia jinsi ilivyokuwa, na baada ya hapo uniite utakavyo. Barua yako ya tarehe mbili ilifika na ndege ya tarehe ishirini na moja. Mama mkwe akaitundika kwenye kiunzi kama kawaida. Asubuhi iliyofuata upepo ukageuka, barafu ikafunguka, wanaume wakapakia boti. Nilitoka nje kuchukua theluji ya kuyeyusha nikaiona barua inapepea pale juu. Kiunzi kile nakifikia bila hata kupanda kitu. Nilijua ndani yake mna nini, maana nakujua wewe tangu nilipokuwa nikivaa nguo zako zilizokubana. Kama ningeishusha na kuisoma ningekutii. Kwa hiyo sikuishusha. Nilijiambia siku tatu ni siku tatu, si mimi niliyeweka sharti. Nikaingia ndani, nikakaa.

Siku ya pili, nikiwa nimekaa vile vile, nilisikia shangwe kutoka ukingo wa barafu, wamempata. Niliishusha kata yako. Niliifuta vumbi. Nikaijaza maji matamu, nikatembea nayo mpaka alipolala nyangumi, nikammiminia mdomoni, kwa sababu ametoka kwenye chumvi na ana kiu. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Wengine walitaraji nitaje jina lako. Sikulitaja.

Unasema una wivu. Wewe umeuanza mwezi wa kumi. Mimi siku ile watu wa Tulugak walipokuja kuzungumza na mama, nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekaa nyuma ya taa nikishona, nikiomba waseme jina langu. Wakasema lako. Mume wangu mimi, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwa na boti wala kuota boti. Kila mwaka nimesimama kwenye kundi nikikutazama wewe ukitembea na ile kata. Mara moja, dada. Nimetembea nayo mara moja, na sijutii.

Siku ya tatu nilishusha barua nikaisoma. Hapo nilijuta kidogo, palipotajwa mtoto wa kwanza.

Ukpik

Tikigaq
20 Juni 1956

Dada Nasuga,

Salamu kutoka kwetu sote. Ndege tatu zimekuja bila barua yako. Mama mkwe anaenda kukiangalia kiunzi kila asubuhi kana kwamba barua inaota huko.

Sikukuu ya nyangumi imekwisha. Tulirushwa juu kwa ngozi iliyoshikwa na watu pande zote mpaka Masu akatapika kwa furaha. Rubani amekubali kukuletea kifurushi. Ndani mna ngozi ya nyangumi na mafuta yake, kipande cha ubavuni, ile sehemu ya mke wa nahodha. Tulugak alikikata mwenyewe. Sikuonja sehemu hiyo.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Ukpik

Hospitali ya kifua
30 Julai 1956

Ukpik,

Salamu. Nimekasirika.

Siku arobaini nilikuwa na barua yako chini ya mto pamoja na ile kofia, na usiku niliitoa nikaisoma kwa mwanga wa korido. Nilitaka kukuandikia mambo ambayo hata yule mama wa misheni alikataa kuyaandika.

Kifurushi kilifika kikiwa kimeanza kulainika. Muuguzi alikinusa akataka kukitupa. Sisi wanne wa kaskazini tulishuka vitandani, tusioruhusiwa kushuka, tukakaa sakafuni, tukakikata kwa kisu cha siagi. Tulikula mpaka kikabaki nusu. Mmoja, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alilia huku anatafuna. Kisha wakanipongeza. Wakasema, "Mke wa nahodha, umetulisha." Wakanishika mkono mmoja mmoja. Mmoja akasema nyangumi mkubwa hivyo hakubali kumwendea mwanamke mwenye roho mbaya.

Nikasema ahsante. Sikutaja jina lako. Sasa tumekuwa sawa, na wewe unajua ladha ya kutolitaja.

Wananitoa mwezi wa tisa. Uwanjani aje Tulugak na Masu peke yao. Wewe uwe umehama. Kata uirudishe rafuni na kitambaa chake. Kuna jambo moja nilitaka kukuuliza tangu barua ya viatu. Sikuulizi, na usinijibu.

Nasuga

Tikigaq, nyumbani kwangu
8 Machi 1957

Kwako mdogo wangu Ukpik, kwa kaka, hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu,

Nakusalimu kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Miezi sita tunapishana kwenye njia ya theluji kila mtu akitazama mbwa wake, na kanisani tumegawana upande. Mama mkwe amechoka kupeleka habari huku na huku. Anasema, "Nyie mkinikalisha kimya mwaka huu nitakufa na mtajua ni nyie."

Ninapumua vizuri. Masu amenizoea tena. Wiki ya kwanza alikuwa akiniita mama mdogo, kisha ananiomba msamaha, na sikujua lipi linaniuma zaidi.

Ngozi sita zimeletwa. Nimewaita wanawake, wakaja, nikakaa nao, nikachukua sindano ndefu. Mkono haukupanda. Nilishona nusu shubiri, mshono ukaenda kombo, wakajifanya hawaoni. Nikawaambia waende nyumbani, kichwa kinaniuma. Wamekwenda. Ngozi ziko sakafuni zinakauka, na zikikauka tumeharibikiwa. Ukishona boti kwa mshono wa kombo unaua wanaume wanane.

Njoo ushone. Ushone na sindano yangu ndefu. Ushone na uwapikie wenzako, nami nitakuwa nikikaa pembeni nikikuonea wivu kwa kila pigo la sindano, na wewe utanivumilia. Lakini boti ikitoka, nitakaa mimi. Akija au asije.

Masu ndiye atakayeleta barua hii. Nijibu nyuma ya karatasi hii hii, yuko mlangoni anasubiri.

Nasuga

Tikigaq, kwa kaka
Siku hiyo hiyo

Dada Nasuga,

Salamu nimezipokea. Nakuja, nikimaliza kuvaa tu. Zimwagie ngozi maji ya vuguvugu, uzifunike, usiruhusu mbwa aingie. Na ukikaa mwaka huu asije, usinitazame mimi kanisani.

Umesema nisikujibu lile usiloniuliza. Sitaki kushona nikiwa nimelikalia, kwa hiyo nitalijibu. Hapana. Mwaka mzima kasoro wiki mbili nililala chini ya paa moja na mumeo. Nilimshonea, nilimpikia, nilimkalia nyangumi, na usiku mmoja, nakuambia ukweli, nilichana nywele mbele ya taa taratibu kuliko kawaida. Alikuwa anatengeneza chusa. Aliinua kichwa, akaniita Nasuga, kisha akaomba radhi haraka kama mtu aliyemkanyaga mgeni, akatoka nje kwenda kulisha mbwa ambao walikuwa wameshakula.

Hakuna kingine. Sasa unajua, na mimi sina tena cha kukutia wivu.

Ukpik